Sirari: Mpaka Unaofunguka kwa Tangazo

Mkulima wa Nyamwaga, wilayani Tarime, mwenye magunia kumi ya mahindi ana masoko mawili. La kwanza ni Tarime mjini, ambako dalali humtajia bei na kuondoka akiona hakubali. La pili ni Isebania, mji wa Kenya ng'ambo ya mji wetu wa mpakani wa Sirari, na huko bei mara nyingi huwa nzuri zaidi, kwa sababu Kenya hailimi mahindi ya kuwatosha watu wake. Kati ya Sirari na Isebania hakuna mto wala mlima. Kuna barabara moja ya lami, majengo ya forodha, na nyumba zilizosogeleana kiasi kwamba mgeni hajui nchi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Hata hivyo, ili magunia yale yapite pale kihalali, mwenye mali anatakiwa kuwa na kibali cha kusafirisha mazao nje kutoka Wizara ya Kilimo, cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka inayohusika (TPHPA), cheti cha uasili wa bidhaa, stakabadhi ya ushuru wa mazao wa halmashauri, na mara nyingi wakala wa forodha wa kumwingizia taarifa kwenye mfumo. Akivuka anakutana na masharti ya Kenya, yakiwemo ya kuthibitisha kwamba nafaka haina sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kupita kiwango.

Wakati anahangaikia karatasi, bei inaweza kuwa imeshaanguka. Kwa hiyo magunia hufungwa kwenye bodaboda, mawili mawili, yakapitishwa katikati ya mashamba. Hiyo ndiyo njia ya panya, na tumezoea kuizungumzia kama tabia mbaya ya watu wa mpakani, kitu cha kupigwa vita kwa doria na kutaifisha. Naona tumeanzia kusikostahili. Mstari wa mpaka wenyewe haukuwahi kuwa tatizo kubwa la Sirari. Tatizo ni masharti ambayo yametungwa kwa kumfikiria mwenye lori la tani thelathini kisha yakatumika kwa mama mwenye mikungu minne ya ndizi, na ambayo hubadilika kwa tangazo la siku moja kutoka Dodoma au Nairobi. Mwenye mtaji hungoja tangazo jingine. Asiye na mtaji hana pa kungojea.

Ramani peke yake inaeleza nusu ya jambo. Nyanda za juu za Tarime hupata mvua nzuri, na ardhi yake hutoa ndizi, mahindi, maharage, mihogo na kahawa ya arabika. Mji mkubwa ulio karibu na ardhi hiyo ni Kisii ya Kenya, si Mwanza, na viwanda vya Dar es Salaam viko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, kusini mashariki. Chakula hupanda kwenda kaskazini, na sabuni, mafuta ya kupikia, saruji na vyombo vya plastiki hushuka. Biashara hiyo inafuata umbali na bei ya mafuta ya gari. Ingekuwepo hata kama pasingekuwa na Tanzania wala Kenya.

Na kuna kipindi nchi hizo hazikuwepo. Tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo kwa mstari uliotoka pwani karibu na Mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, ukanyooka hadi pale digrii moja ya kusini inapokutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Waliouchora hawakuwa wamefika Bukira wala Bwirege, maeneo ya Wakurya. Leo Wakira, Wanyabasi na Wairege, ambao ni koo za Wakurya, wako nchi zote mbili: kwa Kenya katika Kuria Magharibi na Kuria Mashariki za Kaunti ya Migori, kwa Tanzania katika Wilaya ya Tarime. Ng'ombe wa mahari huvuka mstari huo, na msiba pia. Kwa sheria, shemeji anayekuja kuzika ni mgeni kutoka nje ya nchi.

Mstari huo ulikaa karibu karne nzima bila kuwabana sana wenyeji, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pande zote mbili zilipokuwa chini ya Waingereza. Uliuma kwa mara ya kwanza Februari 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limevunjika, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, na Tanzania ikafunga mpaka wake wote na Kenya. Ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983, viongozi wa Tanzania, Kenya na Uganda walipomaliza mjini Arusha suala la kugawana mali za Jumuiya ya zamani.

Miaka hiyo sita na ushei inastahili kukumbukwa kuliko tunavyoikumbuka. Ilikuwa pia miaka ya vita vya Kagera, ya bei ya mafuta kupanda, na ya foleni za sukari na sabuni katika maduka ya ushirika. Huku Tarime, kahawa ilikuwa inatakiwa kuuzwa kwa chombo kimoja kwa bei iliyopangwa, ilhali kilomita chache kaskazini kulikuwa na mnunuzi aliyelipa zaidi, tena kwa fedha iliyoweza kununua bidhaa zilizoadimika nyumbani. Kahawa ikapanda usiku, sabuni ikashuka usiku. Magendo hayakuwa kazi ya majambazi pekee. Yalikuwa namna ya kaya za kawaida kupata mahitaji. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi, Sheria ya Uhujumu Uchumi ikatungwa, watu wakakamatwa nchi nzima. Mwaka huo huo, kabla haujaisha, mpaka ukafunguliwa. Kizazi kilichokuwa kikilelewa Sirari wakati huo kilijifunza jambo ambalo halikuandikwa kwenye sheria yoyote: kilicho kosa leo kinaweza kuwa halali kesho bila chochote kubadilika upande wa mashamba. Mafunzo ya namna hiyo hayafutwi na semina ya walipa kodi.

Kuna mahali ambapo mwaka 1977 haujaisha. Kati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Maasai Mara palikuwa na kivuko cha Bologonja na Sand River, ambacho watalii walikitumia kuingia na kutoka. Kilifungwa mwaka huo na hakijafunguliwa tena kwa watalii. Makundi makubwa ya nyumbu huvuka eneo hilo kila mwaka, lakini mtalii anayetaka kuwafuata kutoka upande wa Kenya huzunguka: anaruka kwa ndege ndogo hadi Migori, anapanda gari hadi Isebania, anagongewa mhuri Sirari, anapelekwa uwanja mdogo wa ndege wa Magena, Tarime, kisha anaruka tena kuingia Serengeti. Tanzania ina sababu yake. Ikiufungua mlango ule, safari za Serengeti zitauzwa Nairobi na fedha zake zitabaki Nairobi, na nyika ya kaskazini mwa hifadhi itajaa magari. Sababu hiyo naiona ina uzito, na inaonyesha kwamba serikali inaweza kuweka zuio na kulishikilia kwa karibu nusu karne, zikijulikana sababu zake, hata kila mwenye kampuni ya utalii akapanga shughuli zake kwa kulizingatia. Mfanyabiashara wa mahindi hajapewa uthabiti wa aina hiyo hata kwa misimu miwili.

Yaliyofanyika Sirari tangu Jumuiya mpya ianze si madogo. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja Julai 2010. Kikajengwa kituo cha pamoja cha huduma mpakani kwa msaada wa TradeMark East Africa, na sheria ya Jumuiya ya vituo vya aina hiyo ikapatikana mwaka 2016. Utaratibu wake ni mzuri: anayetoka Tanzania hasimami tena upande wa Tanzania. Anapita moja kwa moja hadi jengo la Isebania, ambako maofisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja, na anayetoka Kenya anahudumiwa hivyo hivyo Sirari. Dereva wa lori aliyekuwa akilala siku kadhaa mpakani, akipanga foleni mbili, sasa hupanga moja. Aliyeendesha gari kutoka Mwanza hadi Kisumu kabla na baada anajua tofauti.

Lakini kituo cha pamoja kilibuniwa kupunguza muda wa malori, na mama wa ndizi hajawahi kuwa na tatizo la lori. Kwa ajili yake Jumuiya ilikuja na utaratibu rahisi wa biashara ndogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa mzigo, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Kwa dola 2,000 unanunua mahindi mengi. Ukisoma sheria utadhani suala limekwisha.

Halijaisha, kwa sababu utaratibu ule unafuta ushuru wa forodha peke yake. Haufuti kibali cha Wizara ya Kilimo, wala cheti cha afya ya mimea, wala masharti ya viwango, wala tozo za halmashauri huku na za kaunti kule. Mchuuzi anaambiwa hana ushuru, anafurahi, kisha anaulizwa karatasi nyingine nne. Hapo ndipo wanapoingia vishoka, vijana wasio mawakala waliosajiliwa, wanaoahidi kumaliza kila kitu kwa bei ya kukadiriwa papo hapo. Mlango ukitegemea hisani ya mtu, hisani hiyo itapata bei. Wanaoumia zaidi ni wanawake, ambao ndio wengi katika biashara ya mazao madogo madogo, na ambao mzigo wao huharibika: ndizi mbivu na nyanya hazisubiri mkuu wa kitengo arudi kutoka mkutanoni.

Ukipiga hesabu za njia ya panya kama mfanyabiashara, bila kutanguliza hukumu, utaona kwa nini inashinda. Njia halali ina gharama ambayo haipungui sana mzigo unapopungua: nauli ya kufuata kibali, siku iliyopotea, malipo ya wakala. Gharama hiyo ikigawanywa kwa magunia mia tatu ni kitu kidogo. Ikigawanywa kwa magunia mawili inakula faida yote. Njia ya panya ina gharama inayokua na mzigo: nauli ya bodaboda kwa kila gunia, na hatari ya kukamatwa. Na hatari si ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifisha bidhaa pamoja na chombo kilichozibeba, kwa hiyo kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo anaweza kupoteza mzigo wa watu na riziki yake kwa usiku mmoja. Bado anapita, kwa kuwa kwa mizigo midogo hesabu inamwelekeza huko. Kuongeza doria kunapandisha bei ya njia ya panya. Hakushushi bei ya njia halali hata kwa shilingi moja, na ndiyo maana baada ya kila operesheni pikipiki hurudi.

Matangazo ndiyo yanayoifanya hesabu hiyo kuwa mbaya zaidi. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku kuuza mahindi nje yakiwa nafaka, akitaka yasagwe kwanza na unga ndio uuzwe. Lengo la kulinda akiba ya chakula na kazi za viwandani linaeleweka, lakini mkulima aliyelima kwa hesabu za soko la Isebania hakuwa na mashine ya kusaga mlangoni. Mwishoni mwa mwaka huo uhusiano ulichacha zaidi. Ng'ombe zaidi ya 1,300 waliotoka Kenya walipigwa mnada, na vifaranga 6,400 vikachomwa moto Namanga. Mei 16, 2020 zamu ikawa ya Nairobi: kwa hofu ya korona, Rais Uhuru Kenyatta alizuia watu kuvuka mpaka wa Tanzania, isipokuwa mizigo yenye madereva waliopimwa. Lori likapita, na anayeuza kwa miguu akabaki nyumbani. Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Ndani ya siku chache zuio likageuzwa kuwa masharti ya usajili na vyeti. Miezi miwili baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi na marais wawili wakaagiza vikwazo viondolewe. Mwaka 2023 Wizara ya Kilimo chini ya Hussein Bashe ikakaza masharti kwa wanunuzi wa nje: wasajili biashara nchini na wafuate utaratibu wa vibali.

Katika kila tukio serikali iliyotoa amri ilikuwa na hoja ya kusikilizwa. Sumukuvu huua, na Tanzania yenyewe ilizika watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sababu yake. Njaa nayo haina mjadala. Lakini ukizipanga amri hizo kwa tarehe unaona kwamba hakuna msimu ambao mkulima wa Tarime angeweza kupanda akijua kwa hakika masharti yatakayokuwepo wakati wa kuvuna. Mahindi huchukua miezi minne au zaidi shambani. Amri huchukua siku moja.

Mwaka 2025 ziliongezeka mbili. Mwezi Machi zikatoka kanuni za matumizi ya fedha za kigeni, zinazokataza kutangaza bei au kulipa ndani ya nchi kwa fedha isiyo shilingi ya Tanzania. Zililengwa hasa kwa dola, zilizokuwa zikitumika kwa kodi za nyumba na ada za shule mijini. Sirari kuna fedha nyingine ya kigeni, shilingi ya Kenya, ambayo imezoeleka mikononi mwa wauzaji kama ya Tanzania ilivyozoeleka Isebania. Watu hubeba laini mbili za simu, ya Safaricom na ya Vodacom, na tangu mwaka 2015 M-Pesa ya nchi moja inaweza kutuma kwa nyingine. Kanuni hazikuutenga mji wa mpakani na Masaki ya Dar es Salaam. Muuza nyanya anayepokea noti ya Kenya kutoka kwa jirani yake amewekwa katika kosa moja na mwenye jengo la ghorofa anayedai kodi kwa dola.

Ya pili ilitoka tarehe 28 Julai 2025, ikisainiwa na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo. Inawazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo rejareja na jumla, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, uwakala wa forodha na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni akikiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na raia anayemficha naye ana adhabu yake. Kenya ililalamika kwamba amri inapingana na Itifaki ya Soko la Pamoja. Kisheria nadhani lalamiko hilo lina nguvu, kwa kuwa itifaki inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine.

Lakini kwa Tarime kifungu cha kutazamwa ni kile cha ununuzi wa mazao shambani. Mnunuzi wa Kenya aliyekuwa akifika na pikipiki hadi Nyanungu au Muriba, akipima na kulipa taslimu, sasa ni mhalifu. Kazi hiyo inabaki kwa dalali Mtanzania, na wako watakaosema ndiyo maana ya kumlinda mzawa. Swali ni mzawa yupi. Dalali ni mzawa na mkulima ni mzawa. Mnunuzi mmoja akiondolewa shambani, wanaobaki hupunguza bei, na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu likauzwa kwa bei ya gunia moja, hurudi kwa urahisi palipo na wanunuzi wachache. Ningeliunga mkono zuio la kinyozi wa kigeni Kariakoo kabla ya kuunga mkono hili.

Serikali ina hofu zake kuhusu mpaka huu, na haitakuwa haki kuzipuuza. Ng'ombe ni hofu ya kwanza. Wizi wa mifugo kati ya koo za Wakurya ni wa zamani, lakini baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 silaha za moto zilienea, na wizi ukawa biashara. Mtafiti Mmarekani Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu jambo hili, alionyesha jinsi ng'ombe walioibwa Tarime walivyokuwa wakiuzwa Kenya kwa fedha taslimu, badala ya kubaki mazizini kwa ajili ya mahari kama zamani. Mapigano ya koo yalifikia hatua ya serikali kuunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Mnada wa mifugo wa Magena, karibu na mpaka, ulifungwa kwa miaka mingi kwa hoja hizo za usalama, na wabunge wa Tarime wakawa wanauulizia bungeni. Sijaona ushahidi kwamba kuufunga kulizuia ng'ombe kuvuka. Kuliwanyima wafugaji mahali pa kuuzia penye daktari wa mifugo, stakabadhi na macho ya watu, na ng'ombe anayeuzwa gizani hajulikani kama ni wa wizi au wa mwenyewe.

Bangi ni hofu ya pili. Hulimwa mabondeni karibu na Mto Mara, na mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya imerudi Tarime kufyeka mashamba yake mara kwa mara.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Kenya ilipiga marufuku ukeketaji wa kila namna kwa sheria ya mwaka 2011. Tanzania inaukataza kwa walio chini ya miaka 18, kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Msimu wa likizo ya Desemba ukifika, wapo wasichana wanaovushwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili wakeketwe mbali na macho ya chifu au mtendaji anayewafahamu. Nyumba za hifadhi za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti, hupokea wanaotoroka. Njia inayopitisha gunia la mahindi ndiyo inayompitisha msichana huyo, na askari anayeshinda akikimbizana na mahindi hana muda wa kumwona. Kwa wale wanaotaka doria, hii ndiyo hoja yangu kubwa kuliko zote: halalisheni mahindi, ili njia ya panya ibaki na watu wachache wenye jambo la kuficha.

Mpaka wa nchi si uzio pekee unaowazunguka watu wa Tarime na wa wilaya jirani ya Serengeti. Upande wa kusini na mashariki kuna hifadhi. Serengeti ilitangazwa mwaka 1951 na kurekebishwa mipaka mwaka 1959, na pembe ya Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, iliongezwa baadaye. Mwaka 1994 maeneo ya Ikorongo na Grumeti yakapandishwa hadhi kuwa mapori ya akiba. Katika vijiji vya Gibaso na Karakatonga vigingi vya hifadhi vimezua mgogoro wa miaka mingi, na mfugaji anayefuata maji ya Mto Mara wakati wa kiangazi anahatarisha kundi zima. Tembo, kwa upande wake, havunji sheria yoyote anapokula shamba la mtama la Robanda, Wilaya ya Serengeti, na kifuta jasho anacholipwa mkulima hakifiki thamani ya mavuno. Uzio wa tatu ni mgodi wa North Mara, Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na leo unamilikiwa na Barrick pamoja na serikali yenye asilimia 16. Mgodi umezungushiwa ukuta. Wachimbaji waliokuwa wakichimba kwa mikono wakawa wavamizi, watu wameuawa na kujeruhiwa katika makabiliano, na kesi iliyofunguliwa London na baadhi ya wanavijiji ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015.

Mtu wa Tarime anapovuka Sirari kwa njia ya panya, kwa hiyo, hiyo si mara yake ya kwanza maishani kukutana na katazo. Malisho yana kibali, dhahabu ina kibali, soko lina kibali. Katika kila uzio yeye ndiye wa nje. Kumwambia kwamba ahame njia kwa uzalendo tu ni kumdai kitu ambacho uzio mwingine wowote haujamlipa.

Na bado, katika madini ndipo serikali ya Tanzania ilipofanya jambo ambalo Sirari inalihitaji. Kwa miaka mingi dhahabu ya wachimbaji wadogo ilivuka mipaka ya nchi kwa siri, na jibu lilikuwa msako. Mwaka 2019 jibu likabadilika. Wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakafunguliwa katika mikoa yenye machimbo, Mara ikiwemo, kuanzia Geita. Muuzaji anafika na gramu zake chache, zinapimwa mbele yake, bei ya siku imebandikwa, mrabaha unakatwa palepale, analipwa, anaondoka. Dhahabu iliyokuwa ikipita porini ikaanza kuonekana mezani, na mapato ya wizara yakapanda. Aliyebadilika si mchimbaji. Kilichopungua ni gharama ya kuwa halali.

Mazao yanaweza kufuata mfano huo bila kungoja Bunge wala mkutano wa marais. Kibali cha kusafirisha mazao na cheti cha afya ya mimea kwa mzigo ulio chini ya kiwango cha dola 2,000 vitolewe na meza moja mpakani, siku hiyo hiyo, pamoja na cheti rahisi cha uasili ambacho tayari kinatolewa hapo. Vipimo vya sumukuvu vifanyike mara moja, kwa cheti kinachotambuliwa pande zote mbili, kwa kuwa maofisa wa pande zote wamekaa katika jengo moja. Zuio likilazimika, liwekewe tarehe ya kuanza baada ya mavuno yaliyoko shambani, isipokuwa kwa ugonjwa wa dharura. Kanuni za fedha ziutambue mji wa mpakani kwa miamala ya sokoni. Tanzania ifikirie upya msimamo wake kuhusu vitambulisho, kwa kuwa Kenya, Uganda na Rwanda zimewaruhusu raia wao kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, wakati anayetoka Sirari kwenda kuzika Kehancha, upande wa Kenya, bado anatakiwa kutafuta hati ya safari au kutegemea ukarimu wa ofisa wa zamu.

Wako watakaosema halmashauri itapoteza ushuru. Leo haipati chochote kwa gunia linalopita kwenye mashamba usiku. Wengine watasema wakubwa watagawa mizigo yao vipande vipande wapite kama wadogo. Wapo watakaojaribu, na rekodi za meza moja zitawaonyesha upesi kuliko doria ya pikipiki inavyoweza. Wizara ya Kilimo, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime zinaweza kuanza na msimu mmoja na mazao matatu, mahindi, maharage na ndizi, kisha zihesabu yaliyopita mezani na kuyalinganisha na yaliyokamatwa porini mwaka uliotangulia.